Kromatografia ya karatasi: chagua kiyeyushi kabla ya kuilaumu karatasi

Kromatografia ya karatasi ni njia ya kutenganisha rangi zilizochanganyika kwa kutumia kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoziyeyusha na kuzibeba kikipanda kwenye karatasi. Maswali ni yale yale kila muhula. "Doa langu halisogei." "Rangi zote zimepanda juu kwa pamoja." "Nimetumia maji kama nilivyofundishwa, lakini wino wa bolpeni umeganda pale pale." Mtu akikwama hapo huanza kuilaumu karatasi. Ananunua nyingine, na ya pili inamfanyia vile vile. Mara nyingi kosa liko ndani ya chupa: kiyeyushi kilichochaguliwa hakipatani na kitu kinachotakiwa kusafiri, au kinapatana nacho kupita kiasi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, wa mwalimu ambaye kabati lake la maabara ni jembamba, na wa yeyote anayetaka kuona kwa macho yake jinsi kiyeyushi kinavyoshughulika na molekuli, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) na uso wa kitu kigumu. Karibu kila kitu kinapatikana dukani au famasi.

Nadharia kidogo, halafu tuendelee

Doa la rangi kwenye karatasi liko katikati ya mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja ni karatasi, ambayo ni selulosi, na uso wa selulosi umejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyopenda maji. Hata karatasi unayoiona kavu imeshika unyevu mwembamba kutoka hewani. Upande wa pili ni kiyeyushi kinachopanda. Rangi inayopendwa zaidi na karatasi hubaki nyuma, na inayopendwa zaidi na kiyeyushi husafiri mbele.

Maji yana molekuli zenye ncha: upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Ndiyo maana chumvi huyeyuka humo. Ioni ya sodiamu huzungukwa na molekuli za maji zilizoigeuzia oksijeni, na ioni ya kloridi huzungukwa na zilizoigeuzia haidrojeni. Zaidi ya hapo, ndani ya maji mvuto kati ya ioni mbili hupungua karibu mara 80 ukilinganisha na mahali pasipo na kitu. Ndani ya ethanoli hupungua takriban mara 24, ndani ya asetoni takriban mara 21, na ndani ya heksani, kiyeyushi chepesi cha maabara kinachotokana na petroliamu, mara 2 tu. Namba hizo zinakupa mpangilio wa vyupa vyako kuanzia vinavyopenda chaji hadi vinavyoikimbia. Mafuta ya taa yako jirani na heksani.

Hiyo inatosha kuanzia.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Karatasi ya chujio ya maabara. Ukikosa, chujio jeupe la kahawa linafaa. Tishu hailingani unene, na karatasi ya daftari imepakwa vitu vinavyozuia wino usisambae, kwa hiyo vyote viwili viache.
- Mitungi miwili au mitatu ya kioo yenye vifuniko, kama ya jamu.
- Penseli, rula, vijiti vya meno, mkasi na kibanio cha nguo.
- Maji safi. Ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, nayo itakuharibia hesabu. Ukienda dukani kununua maji ya betri, soma lebo: unataka maji yaliyotoneshwa (distilled), na kwenye rafu hiyo hiyo huwekwa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki.
- Spiriti ya famasi isiyo na rangi. Ile ya zambarau imetiwa rangi makusudi ili watu wasiinywe, na rangi hiyo itapanda kwenye karatasi pamoja na zako.
- Asetoni. Dawa ya kufutia rangi ya kucha inaweza kutumika kama lebo inataja asetoni. Zipo zilizoandikwa kwamba hazina asetoni, na nyingine zina maji, mafuta na manukato.
- Mafuta ya taa kidogo, au heksani kama maabara inayo.
- Chumvi, soda ya kuokea, na mafuta ya kupikia matone machache.
- Vitu vya kupima: bolpeni ya buluu au nyeusi, rangi ya chakula ya kijani, na majani ya mchicha mabichi.

Moto na pua yako

Asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa mezani na sakafuni mpaka ufike kwenye jiko usiloliona karibu. Kwa hiyo hakuna mkaa, gesi, mshumaa wala sigara chumbani, na madirisha yawe wazi. Spiriti nayo ni ya kuogopwa vivyo hivyo kwenye joto letu la kawaida.

Petroli usiitumie, hata kama mtu amekuambia "ni kama petroleamu etha tu" (kiyeyushi cha maabara kinachofanana na heksani). Ina benzini, ambayo husababisha saratani, na huwaka haraka kuliko vyote nilivyotaja. Usionje chochote, na usimwage mabaki kwenye sinki. Yaweke kwenye chupa ya kioo yenye lebo, umkabidhi fundi wa maabara au mwalimu.

Jambo jingine: asetoni hulainisha baadhi ya plastiki. Vikombe vyepesi vyeupe vya chai ya kubeba huyeyuka mbele ya macho yako, na vile vigumu vinavyong'aa hupata ukungu na kunata. Tumia kioo.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu umumunyifu kwanza, yaani kipi kinayeyuka katika kipi. Wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo wanapopotea. Weka maji, spiriti na mafuta ya taa kwenye chupa tatu ndogo, kila moja kina cha vidole viwili. Tia chembe za chumvi katika kila chupa, funga, tikisa. Kwenye maji zitatoweka; mililita 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi kwenye joto la chumba. Kwenye mafuta ya taa zitatua chini kama mchanga, utikise mpaka mkono uchoke. Spiriti ya famasi itakuwa katikati, kwa sababu huwa imechanganywa na maji. Ethanoli tupu hubeba chini ya gramu 0.1 tu kwa kila mililita 100.

Rudia kwa tone la mafuta ya kupikia ukitumia vyupa vipya. Mambo yatageuka: mafuta ya taa yanalimeza, maji yanalikataa.

Sasa chukua vipande vya karatasi, weka doa la rangi yako kwenye kila kimoja, uvitumbukize katika kila kiyeyushi. Andika kipi kinaing'oa rangi, kipi kinaigusa kidogo, kipi hakiigusi.

2. Chagua kiyeyushi kinachosita. Kiyeyushi kinachoyeyusha rangi vizuri kuliko vyote si kile unachokitaka. Hicho kitazibeba rangi zote hadi juu bila kuzitenganisha. Unataka kile kinachoivuta rangi huku karatasi nayo ikiweza kuishika. Anzia hapa:

- Rangi za chakula: maji yenye chumvi asilimia moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwenye nusu lita ya maji kinakaribia hapo.
- Wino wa bolpeni: spiriti sehemu tatu kwa maji sehemu moja.
- Majani mabichi: heksani au mafuta ya taa sehemu tisa kwa asetoni sehemu moja.

Kuhusu ile chumvi ya rangi za chakula, nikae nayo kidogo, maana huulizwa sana. Rangi nyingi za chakula ni chumvi za sodiamu. Tatrazini, ile njano yenye namba E102, ikiingia majini hutoa ioni kubwa yenye chaji hasi tatu. Maji huipenda mno, huikimbiza juu. Ukiongeza chumvi ya mezani, ioni za sodiamu hujazana majini, zikapunguza nguvu ya zile chaji hasi, na baadhi ya maji yakashughulika kuzizunguka ioni mpya. Uso wa selulosi wenyewe huwa na chaji hasi kidogo, kwa hiyo chumvi inapunguza pia kule kusukumana kati ya karatasi na rangi. Matokeo ni kwamba rangi hushika karatasi vizuri zaidi na kuachana. Watu wanaopika nguo za pamba kwa rangi za aina hii hutia chumvi sufuriani kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wao wanataka rangi isitoke kabisa.

3. Kata karatasi, piga mstari. Upana sentimita 3, urefu kiasi cha kuning'inia mtungini bila kukunjana. Piga mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini. Penseli, si kalamu: risasi ya penseli ni grafiti, haiyeyuki katika kiyeyushi chochote hapa. Mstari wa kalamu utasafiri na rangi zako. Shika karatasi kwenye kingo tu, kwa kuwa mafuta ya vidole huziba njia ya maji.

4. Andaa rangi. Rangi ya chakula ya unga, yeyusha chembe chache kwenye matone ya maji. Bolpeni haihitaji maandalizi. Majani ndiyo yana kazi. Osha mchicha, kausha maji ya juu kwa kitambaa, katakata, utwange kwenye kinu pamoja na mchanga safi kidogo na chembe chache za soda ya kuokea. Ongeza asetoni vijiko viwili, twanga tena mpaka upate kijani kilichoiva, kisha chuja. Soda ipo kwa sababu jani lililopondwa hutoa asidi. Asidi hiyo huing'oa ioni ya magnesiamu iliyo katikati ya molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na kijani hugeuka kahawia ya zeituni. Ni badiliko lile lile unaloliona mboga ikipikwa na limau.

Tumia mchicha wa kijani. Ule mwekundu una rangi nyingine inayokaa kwenye maji na kuyakimbia mafuta, na itakuchanganya.

5. Weka doa dogo, mara nyingi. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa mstari, acha pakauke, gusa tena pale pale. Rudia mara tano hadi kumi kwa majani, mara mbili au tatu kwa rangi ya chakula. Doa lisizidi milimita 3. Doa kubwa la mguso mmoja ndilo kosa la kwanza la wanaoanza. Rangi hutandawaa, kisha zikipanda zinafunikana.

6. Jaza mtungi kwa mvuke. Mimina kiyeyushi kina cha sentimita 1, funga, acha dakika kumi. Usipofanya hivyo, asetoni na spiriti hukauka kwenye karatasi zikiwa njiani, mchanganyiko hubadilika kadiri unavyopanda, na jibu la leo halitafanana na la kesho. Kipande cha karatasi ya chujio kilichoegemezwa ukutani mwa mtungi husaidia mvuke kuenea.

7. Ning'iniza na uondoe mkono. Bana juu ya karatasi kwa kibanio, ishushe mpaka ncha ya chini iguse kiyeyushi. Mstari wa penseli na doa vibaki juu ya kiyeyushi. Doa likizama, rangi itayeyukia chini na kazi imekwisha. Karatasi isiguse ukuta wa mtungi. Funika, acha, usiinue kuangalia wala kuutikisa mtungi. Kiyeyushi hupanda chenyewe kwa sababu kinavutwa na uso wa nyuzi kuliko kinavyojivuta chenyewe.

8. Toa kwa wakati. Ukingo wa unyevu ukibakiza sentimita 1 kufika juu, toa karatasi na uuwekee alama ya penseli papo hapo. Asetoni hukauka kabla hujamaliza kutafuta penseli, kwa hiyo iwe mkononi. Anika kivulini, palipo na hewa. Karatasi iliyotumia mafuta ya taa hukauka kwa saa nyingi, na itanuka.

9. Pima. Kutoka mstari wa chini, pima umbali wa katikati ya kila doa, na umbali wa ukingo wa unyevu. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, upate thamani ya Rf. Doa likisafiri sentimita 3.6 na ukingo sentimita 8, Rf ni 0.45. Haina kipimo na haizidi 1.

Kwa mchicha tegemea kuona, kutoka juu kushuka: karotini ya njano ya chungwa karibu na ukingo, zanthofili ya njano, klorofili a ya kijani cha buluu, kisha klorofili b ya kijani cha njano. Karotini ni kaboni na haidrojeni tupu, haina cha kushikana na selulosi, kwa hiyo hupaa. Klorofili b inatofautiana na a kwa kikundi kimoja tu, chenye oksijeni. Hicho kimoja kinatosha kuifanya ibaki nyuma ya mwenzake, na ukiyaona hayo madoa mawili yameachana kwa milimita chache umeona oksijeni moja ikivutwa na karatasi.

10. Rekebisha kiyeyushi, kitu kimoja kwa wakati. Lengo ni madoa yawe kati ya Rf 0.2 na 0.8. Majani yakibaki chini, ongeza asetoni kutoka sehemu moja hadi moja na nusu. Yakienda juu yote, punguza. Wino wa bolpeni ukisita, punguza maji. Rangi za chakula zikikimbia, ongeza chumvi kidogo, au badili robo ya maji kwa spiriti. Usibadili karatasi na kiyeyushi siku moja, hutajua kipi kimesaidia.

Mambo yakienda mrama

*Doa halijasogea kabisa.* Rudi hatua ya 1. Wino wa bolpeni umetengenezwa usiyeyuke kwa maji, na maji peke yake hayataung'oa. Kama hata spiriti haiugusi, kuna uwezekano ni wino wa punje za rangi zisizoyeyuka, kama za kalamu nyingi za jeli nyeusi. Huo hautasafiri kwa chochote kilicho kwenye orodha hii. Badili kalamu.

*Rangi zote ziko ukingoni juu.* Kiyeyushi kina nguvu mno. Asetoni tupu kwa majani hufanya hivyo kila mara.

*Doa lina mkia mrefu.* Umeweka rangi nyingi. Uso wa karatasi una nafasi zake. Zikijaa, molekuli zilizobaki huburuzwa. Punguza miguso. Kama rangi ina chaji na mkia haukomi, tone la siki kwenye kiyeyushi cha maji linaweza kuusaidia. Kwa majani siki ni mwiko, umeshajua kwa nini.

*Ukingo wa unyevu umepinda au umeinama.* Karatasi imegusa kioo, imekatwa upande, au mtungi umekaa kwenye meza isiyo sawa. Kingo zilizoshikwa kwa vidole vyenye mafuta nazo hufanya hivyo.

*Kiyeyushi kimejitenga tabaka mbili mtungini.* Asetoni yako ina maji. Mafuta ya taa hukataa maji, na maji yakijitenga huivuta asetoni kuondoka nayo. Tafuta asetoni kavu zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye mafuta ya taa na spiriti ya famasi ukitegemea vitapatana.

*Kijani kimekuwa kahawia.* Asidi, au umeacha kijani ulichochuja juani. Klorofili huharibika kwa mwanga. Tengeneza mpya, itumie siku hiyo hiyo, na chupa ikae gizani.

*Kuna doa ambalo hukuliweka.* Pandisha karatasi tupu isiyo na rangi kwenye kiyeyushi kile kile. Likitokea tena, limetoka kwenye kiyeyushi. Baadhi ya mafuta ya taa na dawa za kucha huuzwa zikiwa na rangi.

*Rf yangu hailingani na ya kitabu.* Isikutie hofu. Inategemea aina ya karatasi, joto la chumba, unyevu wa hewa na mvuke mtungini, na mchana wa Tanga si sawa na asubuhi ya Njombe. Ukitaka kuthibitisha kwamba njano iliyo kwenye rangi yako ya kijani ni tatrazini, weka doa la rangi ya njano ambayo lebo yake inaandika E102 kando ya doa lako, kwenye mstari mmoja, karatasi moja, mtungi mmoja. Yakipanda hadi kimo kimoja, rudia kwa kiyeyushi cha pili kilicho tofauti, kwa mfano spiriti na maji nusu kwa nusu. Yakiachana huko, ni rangi mbili tofauti zilizokutana kwa bahati kwenye kiyeyushi cha kwanza.